Mechi 13 za Mkwakwani

(Hotuba kwa wapenzi wa soka wa mkoa wa Tanga)

Wazee wetu mliokaa mbele, kina mama, viongozi wa matawi, vijana wa Ngamiani, Makorora, Mabawa na Chumbageni, na ninyi mliopanda magari kutoka Muheza, Pangani na Korogwe: assalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe. Itifaki imezingatiwa.

Naingia moja kwa moja. Sikuja hapa kumwomba mtu aache Simba, wala aache Yanga. Najua nazungumza na nani. Humu ndani watu wa Jangwani, yaani Yanga, wamejaa na wa Msimbazi, yaani Simba, wamejaa, wengi mmerithi kwa baba zenu, na mapenzi ya kurithi hayafutwi na hotuba ya nusu saa. Nimekuja kuzungumzia mechi 13.

Hesabu yake ni hii. Ligi Kuu ina timu 16. Kila timu inacheza mechi 15 nyumbani. Kwa Coastal Union, timu yetu ya Tanga, moja ni ya Simba na moja ni ya Yanga. Hizo mbili, sawa, moyo wa mtu unagawanyika. Zinabaki 13. Dodoma Jiji wakija, moyo wako wa Yanga unazuiwa na nini? Tanzania Prisons wakija kutoka Mbeya, Usimba wako unakukataza vipi kuingia uwanjani kwetu Mkwakwani? Haukukatazi. Hatuendi tu. Mkoa mzima umezoea kutokwenda, na mazoea hayo ndiyo yanayoiua timu, kuliko hata hizo mechi mbili tunazogombania kila mwaka.

Lakini nianze na hizo mbili, maana ndizo zinazoumiza macho.

Siku Yanga wanakuja, tangu asubuhi nje ya uwanja wachuuzi wametandaza jezi chini kwenye maturubai, kijani na njano mpaka barabarani. Uliza jezi ya Coastal. Kijana anakujibu kwa heshima kabisa, "Mzee wangu, hiyo haitoki." Mchana haujakolea majukwaa yameshajaa. Timu zinaingia, na mgeni anapokelewa kama yuko Uwanja wa Benjamin Mkapa. Kijana wetu akimpokonya mpira kiungo wa Yanga, anazomewa. Anazomewa Tanga, na watu wa Tanga, wengine wanaishi mtaa mmoja na mama yake. Nimewahi kukaa jukwaani nikamwona beki wa Coastal akizomewa hivyo, akageuka akatutazama. Hakusema neno. Alirudi akashika nafasi yake, na mpira uliofuata ulipomfikia aliubutua nje bila kunyanyua kichwa, wakati mwenzake alikuwa peke yake hatua chache tu kutoka kwake. Ile ilikuwa hofu, na tulimtia sisi.

Wakija Simba ni vigumu zaidi kuusoma uwanja, maana rangi zetu na zao zinafanana. Nyekundu na nyeupe kila upande. Bao likifungwa ndipo unapojua uliyekaa naye ni nani.

Halafu njoo wiki ya pili yake, siku ya kazi, saa kumi jioni, tunacheza na timu isiyokuwa na tawi Tanga. Kocha akimwita winga wake, jukwaani unamsikia jina kwa jina. Refa akimwonya mchezaji, unasikia maneno aliyomwambia. Wapo wazee wachache upande wa kivuli, nawafahamu kwa sura, hawakosi, na Mungu awape umri. Wapo watoto walioingia kwa kuomba getini. Basi. Na kilomita moja kutoka hapo, kwenye vijiwe vya kahawa, watu wanabishana kuhusu kikosi cha Yanga cha Jumamosi, mchezaji mmoja mmoja, na ukiwauliza kipa wa Coastal ni nani wanatazamana.

Sasa, tusihukumiane kabla ya kujua tumefikaje hapa. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Simba ikafuata mwaka 1936, ikapita majina ya Queens, Eagles na Sunderland, mpaka mwaka 1971 ilipochukua jina la Simba. Zote ni za Kariakoo. Zilianzishwa na watu wa kawaida wa mitaa ile, vijana waliochangishana, wakagombana, wakagawanyika, wakaendelea. Baada ya Uhuru, Radio Tanzania Dar es Salaam ikazifikisha mechi zao kila kona ya nchi. Mtoto wa Lushoto alimjua mshambuliaji wa Yanga kabla hajamjua wa Tanga mjini, kwa sababu sauti iliyoingia sebuleni kwao ilitoka Dar es Salaam. Baba yake alichagua upande, naye akafuata. Hapo hakuna aliyekosea.

Ila tulione na hili. Mtu wa Korogwe anayeishabikia Yanga anashabikia timu ya mtaa. Mtaa wa Twiga na Jangwani, kama vile wa Simba ni mtaa wa Msimbazi. Watu wa pale waliipenda timu yao ikiwa ndogo, ikiwa haina kitu, wakaikuza mpaka ikawa kubwa kuliko mikoa. Mimi ninapozitazama Simba na Yanga leo, Yanga wakicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 na Simba wakicheza fainali ya kombe hilohilo mwaka 2025, nakumbuka kwamba kazi ile ilianza na watu waliokwenda kuitazama timu ya mtaani kwao siku ambayo hakukuwa na sababu kubwa ya kwenda.

Na sisi tulikuwa nayo. Coastal Union ni ya mwaka 1948. Mwaka 1988 Wagosi wa Kaya, ndio Coastal haohao, walikuwa mabingwa wa Tanzania Bara, na wapo humu ndani watu walioishuhudia timu ile kwa macho yao. Hatukuwa peke yetu. Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa mwaka 1975. Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe, ilitwaa mwaka 1986. Mtibwa Sugar ya Turiani, timu ya mashamba ya miwa, ilitwaa mwaka 1999 ikarudia mwaka 2000. Tangu hapo kombe halijatoka Dar es Salaam. Azam walipovunja utawala wa Simba na Yanga msimu wa 2013/14, nao ni wa Chamazi, Dar es Salaam hiyohiyo. Kijana wa miaka 20 aliyekaa hapa hajawahi kuona bingwa wa mkoani maishani mwake. Kwake yeye, timu ya mkoa kuwa bingwa ni habari anayosimuliwa na babu.

Nataka tukae kidogo na mwaka 2016, maana ni kidonda na hatukukitibu. Msimu wa 2015/16 mkoa wa Tanga ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Tatu! Mikoa mingine ilikuwa haina hata moja. Nafasi za kushuka daraja zilikuwa tatu, na zote tulizichukua sisi. Timu tatu za mkoa mmoja zikashuka msimu mmoja. Msimu huohuo Yanga wakawa mabingwa, na nakumbuka pikipiki zikizunguka mjini zikipiga honi, bendera za kijani zinapepea. Tanga ilisherehekea mwaka ambao Tanga ilizikwa. Simlaumu aliyeshangilia, timu yake ilishinda. Nauliza tu, ni nani siku ile alilia kwa ajili ya timu zetu tatu? Mkutano wa kuuliza nini kimetokea uliitishwa wapi?

Coastal walikaa chini misimu miwili, wakarudi msimu wa 2018/19. Mtakumbuka Ali Kiba alisajiliwa nasi msimu ule, na watu walikuja uwanjani kumtazama. Wapo waliobeza. Mimi sikubeza, maana nilipata jibu la swali nililokuwa najiuliza miaka mingi: watu wa Tanga njia ya Mkwakwani wanaijua, na kiingilio wanacho. Wanahitaji sababu.

Sababu ilikuja tena tarehe 2 Julai 2022. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, Coastal na Yanga. Kocha wetu Juma Mgunda, mtoto wa hapahapa. Abdul Suleiman, Sopu, akafunga mabao matatu peke yake dhidi ya Yanga ile iliyokuwa haijapoteza mechi ya ligi msimu mzima. Mabao matatu kwenye fainali! Dakika 120 zikaisha 3-3, wakatushinda kwa matuta. Jioni ile nilipita Ngamiani na nilichokiona sijakisahau. Watu waliovaa jezi za Yanga, mabingwa, wanamsifu Sopu. Wanasema "mtoto wetu yule". Basi hisia ipo. Haijafa. Imelala tu, inaamka kwenye fainali.

Baada ya hapo Sopu akaenda Azam. Miaka miwili kabla, Bakari Mwamnyeto alitoka hapa akaenda Yanga, akawa nahodha wao na beki wa Taifa Stars. Mwaka uleule Ibrahim Ame akaenda Simba na Ayoub Lyanga akaenda Azam. Wengi hulaumu wachezaji wakiondoka. Mimi siwalaumu hata kidogo. Mchezaji ana miaka michache ya kula kwa miguu yake, na ana wazazi. Ninachokitazama ni upande wa anayeuza. Klabu yenye mapato inakaa mezani na Yanga inapanga bei. Klabu inayodaiwa mishahara na nauli ya kwenda Bukoba inapokea chochote itakachopewa, na leo jioni. Mtu mwenye njaa hajui kupanga bei. Kwa hiyo unapokosa kwenda kwenye mechi 13, umechangia bei ya mtoto wa jirani yako kushuka.

Watu wananiambia, mwalimu, siku hizi pesa ya mpira ni televisheni, kiingilio ni kitu kidogo. Kweli, mkataba wa Azam Media uliosainiwa mwaka 2021, wa miaka 10, una thamani ya zaidi ya Sh bilioni 225, na umezipa nafuu klabu zote. Nashukuru. Lakini kamera hiyohiyo inaonyesha majukwaa. Mfanyabiashara anayefikiria kuweka jina la kampuni yake kifuani pa jezi ya Coastal anawasha televisheni, anaona sementi tupu. Angekuwa wewe, ungeweka pesa yako pale? Mapato ya mlangoni nayo, baada ya makato, ni ya timu mwenyeji. Timu inayotegemea mechi mbili kwa mwaka kupata mapato ya maana itaanza kufikiria kuzipeleka mechi hizo mbili kwenye uwanja mkubwa wa mkoa mwingine. Tumeziona klabu zikifanya hivyo. Halafu mashabiki wa mkoa wanakosa hata zile mbili.

Na liko baya kuliko hilo. Ihefu mnaikumbuka. Timu ya Mbarali, Mbeya, bonde la mpunga. Tarehe 29 Novemba 2022, kwenye uwanja wao mdogo wa Highland Estates pale Ubaruku, waliwafunga Yanga 2-1 na kukatisha rekodi ya mechi 49 za ligi bila kupoteza. Nchi nzima ilisimama. Msimu uliofuata wakawafunga tena, palepale. Katikati ya msimu huohuo timu ikahamishiwa Singida, na msimu wa 2024/25 ikaanza kwa jina la Singida Black Stars. Sina ugomvi na watu wa Singida, nao wana haki ya kutazama mpira. Nazungumzia watu wa Ubaruku. Walikuwa na timu iliyoifunga Yanga mara mbili, leo wanaitazama kwenye kibanda umiza kwa jina la mkoa mwingine. Timu ambayo wananchi hawana kadi zake, hawana sauti kwenye mkutano wake, ni mali ya mwenye mali. Akiamua kuondoka nayo, anaondoka nayo.

Coastal ni ya wanachama. Hiyo ni bahati kubwa na wengi wetu hatuijui thamani yake. Lakini uanachama usiolipiwa ada ni jina tu kwenye daftari. Mnasema viongozi wa klabu za mikoani hawasomi mapato na matumizi. Mara nyingi ni kweli, na nalisema hili viongozi wakiwa wamekaa mbele yangu. Sasa nani atawalazimisha kusoma? Shabiki wa kijiweni hawezi. Mwanachama aliyelipia kadi anaweza kusimama kwenye mkutano mkuu akauliza pesa ya mchezaji aliyeuzwa iko wapi, na lazima ajibiwe, katiba inampa haki hiyo. Nimeona mikutano ambayo akidi inatafutwa kwa kupigiana simu. Hapo kiongozi mbaya anastarehe.

Wapo watakaosema, Simba na Yanga ndizo zinazotubeba, tusizionee wivu. Nakubali zinatubeba, na nataka hili liandikwe. Msimu wa 2023/24 Coastal ilimaliza nafasi ya nne, na nafasi ya nne ikatupeleka Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa nini timu ya nne inakwenda Afrika? Kwa sababu ya pointi ambazo Simba na Yanga wamezikusanya kwenye mashindano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, mwaka baada ya mwaka, mpaka nchi ikapewa nafasi nne. Wao walifungua mlango, sisi tukapita. Bravos do Maquis ya Angola wakatutoa mapema. Msimu huohuo tukalazimika kucheza mechi za nyumbani za ligi Dar es Salaam na Arusha, mbali na Mkwakwani, na hapo ndipo wengi walipoanza kusema wanaukumbuka uwanja wetu. Watu waliokuwa hawaendi, wakaukumbuka.

Deni hilo kwa Simba na Yanga tunalilipa vipi? Kwa kuwapa ligi ngumu. Wakishinda kila mkoa wakiwa wamelala, watafika Cairo na Casablanca wakutane na kasi ambayo hawakuizoea. Ukiipenda Yanga kweli, itakie Mkwakwani iwe mahali pa kutoka jasho.

Kuna mfano hapo kwa jirani. Shabana ya Kisii, Kenya, ilishuka ikakaa nje ya ligi kuu ya nchi yao miaka 17. Miaka 17! Ilipopanda mwaka 2023, watu wake walikuwa bado wapo, wakaujaza Uwanja wa Gusii, wakawa wanasafiri nayo mpaka Nairobi kwa makundi. Na Kenya mnaijua, ni nchi ambayo Jumamosi mchana kila mtu ni Arsenal au Manchester United. Watu wa Kisii wanaitazama Arsenal kama sisi tunavyoitazama. Wakishamaliza, wanakwenda kwa Shabana. Hata kwetu, Pamba ya Mwanza ilipotea Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, ikarudi mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji, na Mwanza haikuwa imelisahau jina hilo.

Sasa niseme ninachoomba, nimalize, maana naona wazee wanatazama saa na adhana iko karibu.

Mechi mbili za Simba na Yanga, vaa jezi ya moyo wako. Shangilia timu yako mpaka sauti ikauke. Ombi langu siku hizo ni moja tu, usimzomee mchezaji wa Coastal. Akikosea nyamaza. Akifanya vizuri, mpigie makofi, hata kama amempiga chenga mtu wako. Viongozi wa matawi ya Simba na Yanga mliopo hapa, hili mnaweza kulisema kwenye matawi yenu wiki hii, na mkilisema ninyi litasikika kuliko nikilisema mimi.

Mechi 13 zilizobaki, kila mmoja achague walau tano, na aje na mtoto. Namsisitiza mtoto kwa sababu ya redio ile niliyoitaja. Sisi tulipewa timu na sauti iliyotoka mbali. Mtoto aliyemwona kipa wa Coastal akiokoa penalti mbele ya macho yake, akasikia gloves zinavyougonga mpira, huyo hata akija kuipenda Simba baadaye, Coastal haitamtoka.

Wenye maduka na karakana, najua siku ya kazi ni ngumu kufunga. Gawaneni zamu. Walimu wenzangu, shule nyingi za mjini zinatembea kwa miguu mpaka Mkwakwani, tuzungumze na klabu kuhusu kiingilio cha wanafunzi, na viongozi wa klabu msitukatalie, jukwaa tupu haliwaingizii chochote. Mafundi cherehani wa Barabara za Ngamiani, naomba tukae tuone namna ya kupata jezi na skafu za Coastal za bei ambayo kijana wa bodaboda anaimudu, kwa makubaliano na klabu, ili siku nyingine mchuuzi pale nje akiulizwa awe nazo.

Pale mlangoni kuna meza mbili. Ya kushoto ni ya kulipia kadi za uanachama, njoo na kitambulisho na picha mbili ndogo. Ya kulia ni ya African Sports, maana nao wameitika mwaliko, na mtu wa Kimanumanu asilazimishwe kuja upande wetu, alipie kadi yake kwao. Ratiba ya mechi za nyumbani imebandikwa ukutani, na ya kwanza ni Jumatano saa kumi jioni.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.